Kazi Iliyoachwa Ijumaa

Nyamisangura,
Tarime.
9 Juni 2025

Mpendwa mwanangu Wegesa,

Njia unayotaka kuiandika kwa jina langu si yangu. Ni ya marehemu baba yako, Waitara, mdogo wangu wa tumbo moja. Hilo nimelificha kwa miaka mingi, na nimeficha pia namna alivyoondoka chuoni. Nimeliweka hapa juu kabla ya salamu kwa sababu najijua: nikianza na salamu, nitasalimu mpaka karatasi iishe.

Sasa nikujulie hali. Shikamoo yako imenifikia, marahaba mwanangu. Hujambo huko Songea? Mumeo Mseti na watoto wazima? Nasikia baridi ya huko mwezi huu si ya mchezo, basi wavalishe watoto vizuri. Huku masika yameisha salama na mahindi yanakauka shambani.

Mimi figo zimechoka. Daktari alimweleza dada yako Winfrida pembeni, akidhani sioni, lakini nimefundisha miaka thelathini na moja na namjua mtu anavyosimama akitoa matokeo mabaya. Natoka kitandani hadi kwenye kiti cha barazani, na siku nyingine hicho kiti kinakuwa mbali. Meseji zangu za simu siku hizi anaziandika Winfrida. Hili sikutaka lipite kwenye vidole vyake kabla halijafika kwako, ndiyo maana unaona mwandiko huu unaotambaa. Abdillah wa duka la vyuma ataipeleka bahasha kituo cha basi.

Umeniandikia kwamba mwaka jana mlipokea wanachuo arobaini wa fani ya mabomba, na leo wamebaki ishirini na mmoja. Wengine wako kwenye bodaboda, wengine wamerudi mashambani, wengine hamjui walipo. Bodi ya chuo imekupa nafasi tarehe thelathini ueleze la kufanya, nawe umekwisha kuandika kichwa cha habari: Njia ya Mwalimu Nchagwa. Unaniomba kurasa mbili na sahihi. Kurasa nitakupa. Hiyo sahihi ndiyo iliyonikalisha na kalamu wiki nzima.

Unajua tulizaliwa wawili wa kiume. Baba yetu alinipeleka mimi shule, Waitara akabaki na ng'ombe. Mtu angedhani mwenye wivu atakuwa yeye. Mimi nilirudi nyumbani na stashahada na sanduku la vitabu. Yeye alitoka malishoni akaenda kwa Fundi Shamsudin hapa mjini, yule mzee ambaye wazazi wake walitoka pwani, akafagia vumbi la chuma miaka miwili kabla hajaruhusiwa kushika mashine ya kuchomelea. Nilijenga nyumba ya matofali ya kuchoma, nikamtengea mama yetu chumba chenye sakafu ya saruji. Akakaa miezi mitatu, akahamia kwa Waitara kwenye nyumba ya udongo. Nilipomuuliza sababu alisema, "Kwako, Nchagwa, watu wanaongea kama wako ofisini."

Mwaka 2006, nikiwa mkuu wa chuo, nilimwajiri baba yako awe msaidizi wa karakana. Nilipenda watu waone nikimsaidia mdogo wangu. Sikupenda ilipoonekana kwamba hahitaji msaada.

Miaka ile nusu ya walioanza hawakumaliza. Upande mmoja tuna Nyamongo na mawe yake ya dhahabu, upande mwingine Sirari na mpaka wake. Ukifika mwaka wa tohara, kijana anaondoka Desemba na Januari harudi, kwa kuwa ameshakuwa mtu mzima na haoni kwa nini aketi kwenye benchi na watoto. Mimi nilikuwa na dawa zangu: rejista mara mbili kwa siku, barua ya onyo, mzazi aitwe. Vijana waliipokea barua ya onyo kama mtu anayepokea ruhusa.

Baba yako hakuandika barua yoyote. Kwanza alikataa wajifunze kwa kuunganisha vyuma chakavu visivyo na mwenyewe. Kila mmoja alitakiwa kuleta kazi kutoka kwao: mlango wa mama, jiko la bibi, toroli la jirani, kitanda. Halafu Ijumaa saa tisa alasiri alipita benchi kwa benchi akiwazuia kumaliza, kila kijana akimwita mura.

"Acha hapo, mura."

"Mwalimu, imebaki bawaba moja tu!"

"Hiyo hiyo moja. Iache ikusubiri."

Kijana alikwenda nyumbani amenuna. Jumamosi mama yake anamuuliza mlango uko wapi, Jumapili jirani anamuuliza, na Jumatatu asubuhi unamkuta amefika kabla ya mlinzi. Mimi niliyaona hayo nikiwa nyuma ya pazia la ofisi yangu, dirisha linalotazama karakana. Nilisimama pale Ijumaa nyingi sana. Mara moja baba yako aliniona, akanipungia mkono: "Kaka, njoo utushikie hapa!" Nilikuwa nimevaa suti. Nikamwonyesha suti.

Mtu akikosa siku tatu, Waitara alimfuata. Siku moja nilikuwa na safari ya Nyamongo kwa gari la chuo, nikampa lifti, kwani alikuwa anamtafuta mwanachuo mmoja aitwaye Revocatus. Tulimkuta anaponda mawe na wenzake, wote weupe kwa vumbi. Alipotuona alitupa nyundo kama mwizi.

"Walimu hao!" mmoja wao akapiga kelele. "Revo, inama uchapwe!"

Wakacheka, na baba yako akacheka nao. Akachuchumaa, akaokota jiwe, akaligeuzageuza.

"Mura, humu kuna kitu?"

"Kuna siku kipo, kuna siku hakipo, mwalimu."

"Haya. Mimi sikuja kukuchukua. Mlango wa mama yako umebaki bawaba ya chini. Nimepita kwenu, amezibia gunia. Ananiuliza mimi, na mlango si wangu."

"Si umalizie tu, mwalimu?"

"Nikishamalizia mlango wa mama yako, wewe ukifika pale utaitwa nani?"

Wale wenzake wakamgeukia. "Wewe! Mama anafunga nyumba kwa gunia na wewe fundi?" "Nenda bwana, unatutia aibu!"

Akaja kwa ajili ya bawaba moja. Akakaa mwaka mmoja na nusu na akamaliza mafunzo yake. Tulipokuwa tunarudi siku ile nilimwambia baba yako kwamba si vizuri mwalimu kucheka na wanachuo hadharani. Akasema sawa kaka. Ukweli ni kwamba katika maisha yangu yote ya kazi hakuna mwanachuo aliyewahi kucheka nikiwa karibu, isipokuwa kwa kunicheka.

Katika mahafali ya mwaka 2010 walioanza ishirini na sita wa uchomeleaji walimaliza wote ishirini na sita. Mgeni rasmi akauliza mbele ya wazazi, "Mkuu, mmefanyaje hapa?" Nikasimama. Nikasema nimebuni utaratibu. Nikaeleza kazi za kutoka nyumbani, nikaeleza Ijumaa, nikaeleza siku tatu. Nilieleza vizuri kuliko baba yako angeweza, kwa maana maneno ndiyo niliyosomea. Yeye alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana na ovaroli yake, na alipiga makofi kuliko wote. Maneno yangu yaliandikwa, yakapelekwa vyuo vingine, na hapo ndipo lilipozaliwa jina ulilolikuta huko Songea.

Ungedhani kumchukulia mtu sifa yake kungenishibisha. Baada ya sherehe akina mama walinipa mkono mmoja mmoja, kwa heshima, wakanipita wakaenda karakana. Walibeba maziwa ya mgando, mikungu ya ndizi, mmoja alikuwa na kuku mweupe. Mama yetu, kwenye kitenge kipya, alikuwa amekaa kwenye benchi ya kazi ya Waitara kama malkia. Vijana walipiga picha na Waitara wakiwa wamembeba juu. Mimi nilibaki na mgeni rasmi tukinywa soda. Nilikuwa na sifa zake mdomoni, na yeye alikuwa na vingine vyote.

Mwaka uliofuata, mwezi Agosti, nilitangaza kwamba wakaguzi wanakuja Jumatatu, na wasikute karakana imejaa vitu nusu nusu. Baba yako alikuwa ameomba ruhusa tangu Alhamisi kwenda Mugumu, babu yako upande wa mama alikuwa mgonjwa. Jumamosi nikaita mafundi wawili kutoka mjini nikawafungulia. Wakamaliza kila kitu. Milango, majiko, matoroli, kitanda. Wakapiga msasa, wakapaka rangi. Jumapili baada ya ibada wazazi walikuja kuchukua vitu vyao wakashukuru sana.

Fundi Shamsudin alipita Jumamosi ile kurudisha jiliwa la kubania vyuma aliloazima. Akasimama akawatazama wale mafundi.

"Mwalimu Nchagwa, hizi si kazi za watoto?"

"Ni mali ya chuo, mzee."

"Mali ya chuo haina mama anayeisubiri," akasema. "Ukimmalizia mtu kazi yake, umemwambia aende zake." Akaliweka jiliwa juu ya meza, akaondoka bila kuniaga. Hakuwahi kuniaga tena hadi alipofariki.

Jumatatu vijana thelathini na mmoja, vitu vyao vikiwa tayari nyumbani, waliingia karakana, na bado kila mmoja akaenda moja kwa moja pale alipoacha kazi yake. Nilikuwa dirishani. Hakuna aliyelalamika. Ningependa kukuambia walipiga kelele, ningeona nimefanyiwa fujo. Binti mmoja, Ummy, alikuwa akitengeneza kitanda cha mama yake mjamzito. Alisimama mahali kilipokuwa, akatazama sakafu iliyofagiliwa, akatoa glavu mfukoni akaziweka mezani pole pole, moja juu ya nyingine. Yeye ndiye wa kwanza kuacha chuo.

Wakaguzi hawakufika, nikatangaza kwamba wameahirisha. Baba yako aliporudi aliwaambia vijana, kwa sauti nikasikia, "Msimlaumu Mkuu. Kaka yangu amelazimishwa na wakaguzi." Akaanza upya. Lakini sasa alipowaambia walete kazi za nyumbani walimuuliza, "Si watamalizia wengine, mwalimu?" Kufikia Desemba wanachuo kumi na wanane walikuwa wameondoka. Alikwenda Nyamongo mara nyingi mwaka ule. Alikuwa akirudi peke yake.

Januari bodi ilidai maelezo. Niliandika ripoti. Niliandika kwamba msaidizi wa karakana hana mafunzo ya ualimu, na kwamba anawazoesha wanachuo kuacha kazi bila kumaliza, hasa siku za Ijumaa. Soma tena hapo, mwanangu. Kitu kile kile nilichojisifia jukwaani nilikiandika kuwa kosa lake, na hakuna mjumbe hata mmoja aliyegundua. Sifa ilikuwa na jina langu na kosa lilikuwa na jina lake, basi wakaona ni vitu viwili.

Alisaini barua ya kuachishwa akakunja ovaroli. Akaenda Robanda, akawa anachomelea mageti kwenye kambi za watalii na vizuizi vya wakulima wanaosumbuliwa na tembo. Wewe ulikuwa kidato cha pili, na shuleni walikuambia baba yako amefukuza wanachuo. Ulikuja kwangu na sare yako ukaniuliza kama ni kweli. Nilikujibu, "Baba yako ni fundi mzuri, ila kufundisha ni kipaji kingine." Ukaniamini kwa sababu nilikuwa Mkuu. Najua baada ya hapo uliacha kwenda karakana yake wakati wa likizo. Aliniambia mwenyewe. Alidhani umekua tu.

Alipofariki mwaka 2017 walikuja kutoka Nyamongo, Sirari, hata Mwanza, watu wazima wenye familia. Walileta uzio wa chuma wa kaburi, wameupinda maua kwa mkono. Mimi nilisimama pembeni na hotuba mfukoni. Wegesa, nilimwonea wivu maiti.

Na usidhani ugonjwa umenisafisha. Mwezi uliopita Revocatus alikuja kunijulia hali, akaleta sukari na mkate. Akakaa nusu saa akinisimulia habari za Mwalimu Waitara, Mwalimu Waitara. Nikamwambia Winfrida nimechoka, mgeni aage. Hata barua yako ilinichoma mahali. Uliandika, "Mikono ninayo ya baba, naomba kichwa chako." Hata mikono umerithi kwake. Na kichwa unachoniomba, hicho nacho ni chake.

Sasa kurasa ulizoomba. Kwa mabomba ni rahisi kuliko vyuma. Kila mwanachuo alete kazi ya maji ya kwao: bomba linalovuja, tangi la bibi, birika la kunyweshea mifugo. Mwenye kwao mbali apewe nyumba ya jirani wa chuo, lakini iwe nyumba yenye mtu atakayemuuliza. Ijumaa wazuie kabla hawajafungulia maji. Usiwaeleze sababu, watanuna, waache wanune. Wale walioondoka usiwatumie barua. Nenda mwenyewe, mahali pao pa kazi, na usizungumzie masomo wala maisha ya baadaye. Zungumzia bomba. Mwanachuo mwenye mtoto mchanga usimhesabie saa, baba yako aliwapa kona yenye kivuli karibu na stoo na hakuna aliyelalamika. Na kazi ya mtu isiguswe na mkono mwingine, hata kama yeye ni mzembe, hata kama mgeni gani anakuja.

Jambo moja zaidi ambalo halimo kwenye maelezo yoyote niliyowahi kutoa. Ukimwona mkuu wako wa chuo anasimama dirishani, usimpungie mkono mara moja ukaacha. Mfuate, mvue koti, mpe kitu ashike.

Futa jina langu. Andika Njia ya Mwalimu Waitara, na hilo neno Mwalimu usiliache, kwa kuwa kwenye ripoti yangu nililikwepa kila mahali. Wajumbe wa bodi wakikuomba ushahidi, waonyeshe barua hii. Sahihi uliyoitaka iko chini, itumie kwa hilo.

Mama yako Rhobi najua yuko kwako. Sithubutu kumsalimu kwa mkono wa karatasi. Msomee barua, halafu yeye ndiye aseme kama salamu zangu anazipokea. Msalimie Mseti na watoto, na yule mdogo aliyepewa jina la babu yake Waitara mshike kichwani kwa niaba yangu. Winfrida anakusalimu sana, hajui ninachoandika. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akupe nguvu ya mikono na wanachuo wanaorudi Jumatatu. Mimi nakupenda, na sikuombi uandike hivyo hivyo ukijibu. Usipojibu, nitaelewa pia.

Nimeisoma barua hii tangu mwanzo. Pale kwenye habari ya Agosti nimekuandikia wakaguzi kama nilivyozoea kuwasema kwa miaka kumi na minne, na mkono haukusita hata kidogo. Baba yako alikufa akiamini kwamba nililazimishwa. Wegesa, hakuna mkaguzi yeyote aliyekuwa ameandika kwamba anakuja.

Baba yako mkubwa,
Nchagwa